Amani ya Dini Haikujengwa kwa Kunyamaza

Wako Watanzania wengi wanaoamini kwamba Waislamu na Wakristo wameishi kwa amani kwa sababu wamejifunza kutozungumzia dini. Kila mtu na imani yake, husemwa, na anayelitaja suala hilo hadharani ndiye anayeleta udini. Kauli hiyo husikika kwenye vijiwe vya kahawa, kwenye hotuba za wanasiasa, hata misikitini baada ya swala. Ina sura ya busara, lakini ikipimwa kwa historia ya nchi yenyewe, hasa historia ya Tabora na njia ya misafara iliyopita hapo, haisimami. Watu wa njia ile hawakuishi kwa kunyamaziana. Walipatana kwa maneno nani anamdai nani nini, na baadaye, mahali ambapo mapatano hayo yaliachwa bila kusemwa, damu ilimwagika.

Imani hiyo si ya kale kama inavyodhaniwa. Sensa ya mwisho kuuliza dini ya mtu Tanzania ilikuwa ya 1967. Mwaka uliofuata jumuiya ya Waislamu ya EAMWS, iliyoanzishwa 1945 chini ya ulezi wa Aga Khan, ilipigwa marufuku, na Desemba 1968 baraza la Waislamu, BAKWATA, likaundwa Iringa. Watawala wa wakati ule walikuwa na hofu inayoeleweka: taifa lilikuwa changa na mpasuko wa dini ungeweza kulivunja. Tatizo ni kwamba kizazi kilichokulia humo kiliuchukua uamuzi wa kisiasa wa miaka michache kikauita mila ya mababu.

Mababu wenyewe walikuwa wasemaji. Katikati ya karne ya 19 Tabora, ambayo wageni waliiita Kaze, ilikuwa njia panda ya bara. Upande wa mashariki njia ilikwenda Ugogo hadi Bagamoyo, magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda. Wafanyabiashara Waarabu na waungwana wa pwani walikuwa Waislamu katika nchi ya mtemi wa Unyanyembe, ambaye aliwatambikia wazee wake. Walikaa kwa idhini yake, na watemi wa njiani waliwatoza hongo. Muhammed bin Juma, baba yake mfanyabiashara Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Ndoa ya namna hiyo haifungwi kimyakimya. Mahari, chakula cha nyumbani na malezi ya watoto hujadiliwa kabla ya bi harusi kuvuka kizingiti.

Vita vya Mirambo, mtemi wa Urambo, na Waarabu wa Tabora, vilivyoanza 1871, navyo husimuliwa siku hizi kana kwamba vilikuwa vya dini. Vilikuwa vya njia, pembe na ushuru. Upande wa Waarabu alisimama Mkasiwa, mtemi wa Unyanyembe, na baadaye Mirambo aliwakaribisha wamisionari wa London Missionary Society wakae Urambo bila yeye kubatizwa. Alijua anachotaka kwao, nao waliambiwa.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa maiti. Mmisionari na msafiri David Livingstone alikufa kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, mwanzoni mwa Mei 1873. Mwaka uliotangulia alikuwa amekaa miezi kadhaa katika tembe la Kwihara, nje kidogo ya Tabora, akisubiri wapagazi. Waliokuwa naye mwishoni walikuwa mchanganyiko: Chuma, Myao aliyeokolewa utumwani na kubatizwa Bombay, Susi, mwenye jina la Kiislamu la Abdullah, ambaye alibatizwa 1886 tu, miaka mingi baada ya safari hiyo, Jacob Wainwright, kijana aliyesomeshwa na wamisionari India, na wapagazi ambao si msikiti wala kanisa lingewahesabu kuwa wake. Moyo waliuzika hapohapo, na Wainwright akasoma ibada ya mazishi. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha juani siku 14, wakauviringisha kwa nguo na gome la mti, wakaanza kuupeleka pwani, safari ya zaidi ya kilometa 1,500.

Walipofika Unyanyembe walimkuta Luteni Cameron wa Uingereza, akawashauri wamzike palepale. Walikataa. Mbele kidogo, Kasekera, wakapata habari kwamba watu wa mbele hawataruhusu maiti ipite katika nchi yao. Wakashauriana. Walifunga mabua mfano wa maiti, wakawatuma wenzao wayarudishe kana kwamba wanakwenda kumzika Unyanyembe, na mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane mtumba wa nguo kama mitumba mingine ya msafara. Walifika Bagamoyo Februari 1874. Ni vigumu kuona jinsi kundi la watu wa imani tatu lingefanya kazi hiyo kwa kanuni ya kutozungumza. Walilazimika kukubaliana maiti anadai nini kwa walio hai, ibada ya nani isomwe, na uongo wa kiasi gani unaruhusiwa ili haki ya maiti itimizwe.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyokuza utani baina ya Wanyamwezi na watu waliokutana nao safarini, kama Wazaramo. Utani leo hutajwa kama mchezo wa matusi yasiyoudhi, lakini shina lake ni wajibu. Mpagazi anayefia nchi ya watu ni lazima azikwe na mtu fulani, na huyo ni mtani. Msibani mtani hushika jembe, huzuia jeneza lisitoke mpaka alipwe kitu kidogo, humwiga marehemu alivyokuwa akitembea, na waliokuwa wakilia hujikuta wakicheka. Hakuna anayemuuliza mtani anasali wapi. Hata hivyo kila mmoja anajua mipaka: maiti wa Kiislamu huoshwa na Waislamu wenzake na kulazwa kwenye mwanandani akielekea kibla, na Mkristo aliyechimba kaburi hilo tangu alfajiri husogea pembeni wakati wa swala bila kuona amefukuzwa. Ameshaambiwa. Aliambiwa na babu yake, ambaye naye aliambiwa na jirani.

Palipokosekana maelezo ya namna hiyo, matokeo yamekuwa mengine. Kwa miaka mingi, katika miji na vijiji vya magharibi, mnyama wa harusi au wa bucha amechinjwa na Mwislamu ili wote wale sahani moja. Familia ya Kikristo yenye sherehe humwita jirani yake, naye huja na kisu, humwelekeza mbuzi kibla, hupiga bismillahi, hunywa chai na kuondoka. Ulikuwa ukarimu mkubwa wa upande mmoja, na upande wa pili ukauchukua kama sheria ya nchi. Mwaka 2012 na 2013 Wakristo wa maeneo ya Mwanza na Geita walianza kudai wachinje wenyewe na wawe na bucha zao. Februari 2013, Buseresere mkoani Geita, ugomvi huo uliua mtu, mchungaji wa kanisa. Serikali ikasema desturi ya zamani iendelee.

Waliolaumu maneno mengi hapo wamekosea. Kilichokosekana ni maneno. Qurani, katika Surat al-Maida aya ya 5, inahalalisha chakula cha waliopewa Kitabu. Lakini madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, yanaweka sharti linalohusu ukoo: mababu wa mchinjaji wawe waliingia katika dini yao kabla haijafutwa na sheria iliyofuata. Kwa sharti hilo, Mkristo ambaye babu yake alibatizwa na Wamoravian Urambo hamo. Wako wanazuoni wa madhehebu mengine wasiolikubali sharti hilo, na Waislamu wenyewe wamelibishania kwa karne nyingi. Mkristo wa Geita hakuwahi kuelezwa hata sehemu ya hayo. Alichosikia ni kwamba mkono wake ni mchafu. Jambo la fikihi lililohitaji robo saa ya maelezo ya heshima liliachwa miaka mingi likawa tusi, na Waislamu walioona wenzao wanachinja kwa niaba ya mji mzima hawakuona haja ya kushukuru wala kufafanua. Lawama hiyo ni yao kwanza, kwa kuwa masharti ni yao.

Hoja inayotolewa mara nyingi kutetea ukimya ni mihadhara ya barabarani iliyoenea tangu miaka ya 1980, ambapo wahubiri wa Kiislamu walisimama na Biblia mkononi na wahubiri wa Kikristo wakajibu kwa Qurani. Ni kweli mihadhara hiyo iliacha uchungu. Lakini mhadhara wa kumshinda mtu mbele ya umati si mazungumzo. Sira ya Mtume ina kipimo kingine. Ujumbe wa Wakristo wa Najran ulipofika Madina, walijadiliana na Mtume waziwazi kuhusu Isa, hawakuafikiana, na wapokezi wa sira wanaeleza kwamba waliachwa wasali sala yao ndani ya msikiti wake. Kisha ukaandikwa mkataba wa usalama wao, makanisa yao na mali zao. Tofauti ilitajwa kwa jina lake, na wajibu ukaandikwa kando yake.

Hapo ndipo msimamo wa Kiislamu unapoachana na msemo wa kila mtu na yake. Surat al-Hujurat, aya ya 13, inaeleza kwamba watu wamefanywa mataifa na makabila ili wajuane, na hakuna kujuana bila kusemezana. Surat al-Mumtahana, aya ya 8, inaruhusu wema na uadilifu kwa wasiowapiga vita Waislamu. Surat al-Ma'un inamkaripia mwenye kuswali anayemnyima mwenzake hata msaada mdogo wa vyombo vya nyumbani, bila kutaja dini ya anayenyimwa. Mwislamu anayesema hana la kuzungumza na jirani yake Mkristo ameacha sehemu ya dini yake, hata akiwa hodari wa swala.

Kuna mazungumzo mengine ambayo Waislamu wa njia hii ya misafara, iitwayo njia ya kati, wameyakwepa zaidi, nayo ni ya utumwa. Tangu 2006 njia hiyo imo katika orodha ya awali ya UNESCO ya maeneo yanayopendekezwa kuwa urithi wa dunia, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Masimulizi yake ya kawaida yana mmisionari mwema na Mwarabu mwovu, na Waislamu wengi hujibu kwa kununa. Jibu bora lipo ndani ya sheria yao. Uislamu umefanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya makosa kadhaa na umekutengea fungu katika zaka. Na katika hadithi mashuhuri, anayemuuza mtu huru na kula thamani yake ametajwa kuwa miongoni mwa watakaopambana na Mwenyezi Mungu mwenyewe Siku ya Kiyama. Waliochoma vijiji vya Manyema na kuwafunga watu huru minyororo walivunja sheria hiyo huku wakisali. Watemi waliouza mateka wao walikuwa washirika. Hakuna sababu ya Mwislamu wa leo kuwatetea, na ana sababu nzuri ya kumtaja Sheikh Ramiya wa Bagamoyo, aliyezaliwa Manyema, akafikishwa pwani akiwa mtumwa, akawa khalifa mkubwa wa tarika ya Qadiriyya mpaka alipofariki 1931. Wakristo nao wana Adrian Atiman, aliyetekwa utotoni karibu na mto Niger, akakombolewa, akasomea utabibu Malta na kutibu watu Karema mpaka 1956. Historia za watu hawa wawili zinafaa kufundishwa katika madarasa ya dini zote mbili. Hilo nalo linahitaji kikao.

Malalamiko ya Waislamu kuhusu elimu ni vivyo hivyo. Januari 1958 chama cha TANU kilikutana Tabora kuamua kama kishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo mpiga kura alimchagua Mwafrika, Mwasia na Mzungu, na masharti ya elimu na kipato yaliwabana wengi. Shule za wakati ule zilikuwa zaidi za misheni, kwa hiyo ilionekana wazi nani angefaidika. Mwishoni mwa muongo huo chama cha AMNUT kilitaka uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu. Waislamu wengine wengi walikipinga hadharani na kubaki TANU. Ubishi ule ulikuwa mkali, na nchi haikuvunjika. Malalamiko hayohayo yalipokuja kuzikwa, yalirudi kwa sura ya minong'ono na vipeperushi, ambavyo havina wa kuvijibu.

Mikutano mikubwa ya viongozi haikosi maana. Barua ya wanazuoni 138 wa Kiislamu kwa viongozi wa Kikristo, ya Oktoba 2007, na hati ya Abu Dhabi ya Februari 2019 iliyotiwa saini na Papa Francis na Imamu Mkuu wa Al-Azhar, Ahmad al-Tayyeb, zimesema mambo mazito. Hazikuandikwa zijibu nani achinje ng'ombe wa mahafali ya shule ya kata, na hazilaumiwi kwa hilo. Swali hilo ni la mtaa.

Tabora ina ajenda yake tayari. Eneo la makaburi la mji linalopanuka lipangwe na imani zote kabla viwanja havijauzwa. Kuchinja kuelezwe: kwa shughuli ya wote achinje nani na kwa nini, na kwamba anayekula nyama yake nyumbani kwake haombi ruhusa ya mtu. Kisha kuna miombo. Tumbaku ya Urambo, Kaliua na Sikonge hukaushwa kwa kuni, na kila msimu mabani, yaani majengo ya kukaushia, hula misitu inayowapa watu wa mkoa huohuo asali na mvua. Katika chama kimoja cha msingi wamo Waislamu, Wakatoliki na Wamoravian, wanaokopa mbolea kwa pamoja na kuuza kwa mnunuzi mmoja. Michango ya msikiti na ya kanisa hutoka katika mauzo hayo, jambo linalowapa kazi masheikh wanaokataza sigara mimbarini. Surat al-Baqara, aya ya 30, inamwita binadamu khalifa katika ardhi, na malaika wanauliza kama atafanya uharibifu humo. Wakristo wana mafundisho yao juu ya kuitunza bustani. Mkutano mkuu wa chama cha msingi, ambao tayari una mwenyekiti, daftari na tarehe, unatosha kuanzia: idadi ya miti itakayopandwa kwa kila bani, na nani atakayeihesabu mwaka unaofuata.