Wezi wa intaneti wanaweza kuzima tanuru

Kwetu, mutu akisema mwizi wa kampani, tunawaza paka ule anaruka ukuta usiku juu ya kubeba kable ya shaba. Lakini kuko mwizi mwengine. Yeye haruki ukuta. Anaingia mu kompyuta, akiwa mbali sana, na mashini zinasimama.

Mu Machi 2019, Norsk Hydro, kampani ya aluminiamu ya Norwei, ilipata hiyo shida. Ilikuwa na wafanyakazi 35 000 mu nchi 40. Mufanyakazi mumoja alifungula barua ya intaneti ile ilionekana kutoka kwa mutu wa biashara wanamujua. Ndani mulikuwa programu mbaya. Wezi walikaa kimya kwa miezi, kisha usiku mumoja wakafunga kompyuta kwa maelfu na kuomba feza. Kampani ilikataa kulipa. Hasara ilipita dolari milioni 50.

Nani alisaidia kazi iendelee? Watu wale walijua kazi ya mukono. Viwanda vilirudilia makaratasi, hata wazee wa pansio wakarudi, juu wao njo walijua namna ya kutumika bila kompyuta.

Mu Ujeremani ilikuwa mbaya zaidi. Mu 2014, ofisi ya serkali ile inachunga usalama wa kompyuta ilitangaza kama wezi waliingia mu kiwanda kimoja cha chuma. Walianzia mu kompyuta za biro, wakafika ku zile zinaongoza mashini. Tanuru kubwa ikakosa kuzimwa vile inapasa, na vitu vingi vikaharibika.

Hapo njo hofu yetu iko. Kolwezi, Likasi, Fungurume, leo pompi, asidi, tanuru na hewa ya mu shimo vinaweza kuongozwa na kompyuta. Feza ikipotea inaweza kurudi. Mutu harudi.

Wakubwa wengine watasema hii ni mambo ya mainjinieri. Hapana. Tunaomba kompyuta za mashini zitengwe na zile za biro. Tunaomba wafanyakazi wafundishwe mu Swahili, hapana paka karatasi ya Kifaransa ku ukuta. Tunaomba kila timu ijaribu mara kwa mara kusimamisha mashini kwa mukono, na wazee wafundishe vijana mbele ya kwenda pansio. Na mutu akifungula barua mbaya, aseme mbio bila kuogopa kufukuzwa. Akiogopa atanyamaza, na ile kimya njo mwizi anatafuta.

Na sisi ku nyumba tuko na sehemu yetu. Mutoto anaweka miziki mu flashi, baba anaenda kuichomeka ku kompyuta ya kazi juu usiku ni murefu. Mwengine anachaji telefone pale pale. Mulango unafunguka hivi. Mama, kama baba anabeba flashi ku kazi, umuulize ya nini.

Sendika zinapigania kofia, bote na maske, na ni vizuri. Siku wanaikala na patroni juu ya usalama, waulize na hii: kompyuta zikizimika leo usiku, nani mu hii timu anajua kuzima tanuru kwa mukono? Kama jibu ni kimya, kazi ianze hapo.