Jiko Linalojiwasha Siyo Jiko Salama

Wadau, leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo tuingie jikoni. Ingawa tukishafika jikoni mtaona siasa yenyewe imekaa humo humo, tena karibu na mtungi.

Mwezi uliopita mama mdogo wangu, mkazi wa Mbagala, aliinjika maharage kwenye jiko lake la gesi la pleti mbili, yale ya kioo juu. Akatoka uani kuongea na jirani, mazungumzo yakanoga. Huku ndani maharage yakafoka, maji yakamwagikia kwenye moto, moto ukazimika. Gesi yenyewe ikaendelea kutoka kimya kimya. Mama mdogo alikuwa na mafua, harufu hakuisikia. Aliporudi akaona jiko limezima, akafanya ambacho mimi na wewe tungefanya: akazungusha swichi. Tak! Cheche ikaruka. Anasema moto ulimpanda kutokea chini, miguuni, kabla hata hajaelewa kinachotokea.

Tunamshukuru Mungu, yuko hai na vidonda vya miguu vinakauka. Lakini maneno aliyoniambia pale wodini ndiyo yaliyonifanya nikae chini niandike: "Mwanangu, hili jiko si ni la otomatiki? Niliongeza hela makusudi ili niepukane na hatari ya kiberiti."

Hapo ndipo penye tatizo. Muuzaji alimwambia "la otomatiki", naye akasikia "la usalama". Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa, na nina hakika wasomaji wengi wa ukurasa huu hamjawahi kutofautishiwa. Hata mimi mwenyewe nilikuwa sijui mpaka yalipotukuta.

KITU CHA KWANZA NI CHECHE. Ule mlio wa tak unatokana na kijiwe kidogo ndani ya swichi ambacho kikigongwa kinazalisha umeme. Tabia hiyo iligunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Majiko mengine hutumia betri kutoa cheche mfululizo, tak-tak-tak. Kazi ya cheche ni moja tu, kuwasha. Haijui kama gesi ndiyo kwanza imefunguliwa au imetoka nusu saa nzima. Kwa maana nyingine, inafanya kazi ile ile ya njiti ya kiberiti, ila njiti yenyewe haiishi.

KITU CHA PILI NI KINGA YA MOTO KUZIMIKA. Hiki ndicho kilichokosekana kwa mama mdogo. Pembeni ya bana kunawekwa kijiti cha chuma kinachoitwa themokapo. Kikipata moto kinazalisha umeme mdogo sana, kiasi cha milivolti 20 hadi 30. Umeme huo unashikilia sumaku, sumaku inashikilia vali ibaki wazi. Moto ukizimika, iwe kwa upepo au kwa maharage, kijiti kinapoa, umeme unakata, sumaku inaachia na gesi inajifunga yenyewe ndani ya dakika moja hivi. Hakuna kompyuta wala betri hapo. Msingi wake ni ugunduzi wa Thomas Seebeck wa mwaka 1821. Yaani sayansi yenye umri wa zaidi ya miaka 200, halafu inakosekana kwenye jiko jipya la dukani!

Mtasema natia chumvi, kwamba gesi ya kwenye bana moja haiwezi kufanya makubwa. Haya, tupige hesabu. Bana ya kawaida inakula takriban gramu 200 za gesi kwa saa. Moto ukizimika nusu saa, zimetoka gramu 100, sawa na lita 50 hivi za gesi. Gesi ya mitungi inaweza kushika moto ikifika takriban asilimia 2 ya hewa. Kwa hiyo lita 50 zinatosha kugeuza lita 2,500 za hewa kuwa baruti, ni kama mapipa 12 yale makubwa ya lita 200. Tena gesi hii ni nzito kuliko hewa, haipandi dirishani ikapotea. Inalala sakafuni na kujikusanya. Ndiyo maana mama mdogo aliungua miguu.

Sasa kwa nini naliita hili suala la kitaifa? Mwezi Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mwezi huo huo alikuwa mwenyekiti mwenza wa mkutano wa Paris kuhusu nishati safi ya kupikia Afrika. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ukaingia kwenye mpango wa kusambaza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku ya nusu bei, mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Mimi naunga mkono, tena kwa mikono miwili. Moshi wa kuni umeua mama zetu wengi na umemaliza misitu yetu. Anayetaka turudi kwenye mkaa asinitumie mimi kama ushahidi.

Lakini angalieni tunapimaje mafanikio. Tunahesabu mitungi iliyogawiwa. Picha inapigwa, mheshimiwa anakabidhi, bibi anatabasamu, tumemaliza. Juu ya mtungi ule mdogo kuna bana inayofungwa moja kwa moja, unafungulia gesi na unawasha kwa kiberiti. Upepo wa mlangoni ukiuzima moto, hakuna chochote cha kuifunga gesi isipokuwa mkono wa binadamu. Tunampa gesi mtu aliyezoea mkaa, na mkaa ukiachwa unazimika wenyewe bila kumdhuru mtu aliye nje. Kumbe tumembadilishia na aina ya hatari, halafu hatukumwambia.

Wenzetu walifanyaje? Japani, kuanzia Oktoba 2008, sheria inataka majiko ya gesi ya majumbani yawe na kinga ya moto kuzimika pamoja na kifaa kinachozuia mafuta ya kukaangia yasipate joto mpaka yakawaka. Vijiko vidogo vya kubeba vya mezani waliviacha nje ya sharti hilo. Uingereza nako, tangu 2008, jiko jipya linalofungwa kwenye jengo la ghorofa lenye familia nyingi linatakiwa liwe na kinga hiyo, kwa sababu uzembe wa mpangaji mmoja unawalipukia wote. Fikirini nyumba zetu za kupanga, vyumba sita na jiko moja kila mlango, halafu mniambie nani anahitaji kinga hiyo zaidi.

Najua hoja itakayokuja: "Ukiongeza masharti, bei inapanda, maskini anarudi kwenye mkaa." Ni hoja nzito, siidharau. Ndiyo maana sisemi tupige marufuku kila jiko kesho asubuhi. Nasema tuanze na haya matatu. Moja, serikali inaponunua au kutoa ruzuku kwa wingi iweke kinga hii kwenye masharti ya zabuni. Mnunuzi wa maelfu ndiye mwenye nguvu ya kushusha bei, siyo mama wa Mbagala. Mbili, TBS ihakikishe kila boksi la jiko limeandikwa kwa Kiswahili, herufi kubwa: LINA KINGA au HALINA KINGA YA MOTO KUZIMIKA. Wino hauwezi kumrudisha mtu kwenye mkaa. Tatu, majiko ya pleti mbili na kuendelea, ambayo hayanunuliwi na maskini wa mwisho, yapewe muda maalumu, baada ya hapo lisilo na kinga lisiuzwe.

Wakati tukisubiri wakubwa, dukani usiulize "ni otomatiki?" Funua bana uangalie. Kijiti cheupe kama kigae ni cha cheche. Tafuta kijiti cha pili cha chuma kitupu. Ukikuta kimoja tu, cheupe, jiko hilo halina kinga hata muuzaji aape. Ukivikuta vyote, mwambie awashe, asubiri dakika moja, kisha auzime moto bila kugusa swichi. Usipouona mvumo wa gesi umekata wenyewe ndani ya dakika moja hivi, afunge swichi nawe nenda duka jingine.

Kingine, jiko lenye kinga ukiliwasha inabidi ushikilie swichi sekunde kadhaa ili kijiti kipate joto. Wengi wanadhani ni bovu, wanaita fundi, fundi naye anaing'oa kinga ili jiko "liwake vizuri". Usikubali. Na kumbukeni kinga hiyo haizuii gesi inayovuja kwenye mpira au regulata. Huko pima kwa povu la sabuni, na usiku funga mtungi wenyewe.

Ukikuta jiko limezima na gesi inatoka, funga mtungi, fungua milango, usiguse swichi ya taa wala ya jiko, toka nje usubiri. Hayo ndiyo mama mdogo angeelezwa siku anakabidhiwa boksi lake. Aliongeza hela kununua usalama, akauziwa kiberiti kisichoisha njiti.

Naomba kutoa hoja. Wenye ujuzi zaidi, hasa mafundi, uwanja ni wenu hapo chini. Nikosoeni nilipokosea.