JE, SIMU ITAMUUA DALALI? NA WEWE UNAYEUZA MTANDAONI, UTAPONA?

Leo sijaleta mbinu za kupata wateja. Nina jambo limeniuma, na nadhani linamhusu kila anayeuza kwa simu. Soma mpaka mwisho.

Wiki mbili zilizopita mteja wangu wa Dar es Salaam, mtu ambaye nimemuuzia usipa karibu miaka miwili, aliniandikia WhatsApp: "Dada, nimepata namba ya mama anayeanika mwenyewe huko Mbamba Bay. Kuanzia sasa nitachukua kwake. Asante kwa huduma."

Kwa wasiowajua, usipa ni dagaa wa Ziwa Nyasa. Mimi nakaa Mbinga mjini, nauza usipa na kahawa ya kusaga kwa mtandao. Nanunua kule chini ziwani, naweka cha juu kidogo, natuma kwa basi. Huyo mteja alikuwa anachukua kilo nyingi kuliko wote.

Nilikasirika. Nikasema nimezungukwa. Halafu nikakumbuka kitu kikanifunga mdomo: maneno hayo hayo niliwahi kuwaambia madalali wa nyumba hapa Mbinga. "Nina simu yangu, wa nini nyie?"

Kwa hiyo tuongee ukweli. Je, simu itamuua dalali? Jibu langu ni kwamba itamuua dalali mmoja na kumwacha mwingine. Ukijua tofauti ya hao wawili, utajua na biashara yako inaelekea wapi.

DALALI WA KWANZA: ANAYEFICHA NAMBA

Huyu mnamjua. Unatafuta fremu, anakudai hela ya kukuonyesha kabla hata hujaona mlango. Ukiipenda, anataka kodi ya mwezi mmoja. Fremu hiyo hiyo wameiweka madalali watano, kila mmoja na bei yake, maana kila mmoja ameweka cha juu chake. Ukimuuliza mwenye nyumba ni nani, anakwambia "mzee yuko safarini, ongea na mimi".

Kazi yake yote ni namba ya simu ya mwenye mali. Akikupa ile namba, hana tena cha kukuuzia. Ndiyo maana anailinda kama mboni ya jicho.

Huyu simu itammaliza, na mimi sitamlilia. Mwenye fremu siku hizi anapiga picha mwenyewe, anaweka status, anabandika namba yake ukutani na kusubiri. Mpangaji wa Songea anaiona kabla ya dalali wa hapa hapa.

LAKINI SIMU NAYO ILINILIZA

Sikutaka kumlipa dalali, nikatafuta fremu kwenye magrupu ya Facebook. Nikaona moja nzuri, karibu na stendi ya Mbinga, picha safi, bei ya kawaida. Jamaa kwenye simu ana heshima, ananiita "dada yangu". Akasema kuna mtu mwingine anaitaka, nitume 150,000 ya kushikilia. Nikatuma.

Kesho yake asubuhi nikaenda. Fremu ipo kweli, kama kwenye picha. Ndani yuko mama anauza vitenge, ana mkataba wake na miezi minane mbele. Mwenye jengo hamjui huyo jamaa kabisa. Namba haipatikani mpaka leo.

Picha ilikuwa ya kweli, mtu ndiye alikuwa wa uongo. Simu ilinionyesha fremu, haikunionyesha nani ana haki ya kunipangisha. Nilikwepa kodi ya mwezi mmoja, nikapoteza zaidi ya hiyo, na fremu sikupata.

DALALI WA PILI: ANAYESIMAMA NA JINA LAKE

Baadaye nikapata wazo la kununua kiwanja kidogo kule ziwani, niweke vichanja vyangu vya kuanikia na stoo. Mnajua tangu lami ya Mbinga mpaka Mbamba Bay ikamilike, na kazi ya bandari ilivyoanza, ardhi ya kule imeanza kutafutwa na watu wa mbali. Ukifungua TikTok unaona "viwanja vya ufukweni Nyasa, wahi mapema", mawimbi, mchanga, na muziki juu.

Mimi nilishaumwa na nyoka, nikaogopa hata ukamba. Nikamtafuta mzee mmoja anayejulikana kule kwa udalali. Hana TikTok. Ana simu ya kitochi.

Tulifika kwenye kiwanja nilichokuwa nimekiona mtandaoni. Mzee hakuanza kusifia. Alianza kuhesabu hatua kutoka majini. Akaniambia sehemu kubwa ya kile kiwanja iko ndani ya mita 60 za ziwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya eneo hilo. Yaani pale pazuri pa kwenye video ndipo nisipoweza kujenga.

Halafu akamuuliza muuzaji: "Mama yuko wapi?" Kwenye kiwanja kulikuwa na nyumba wanayoishi, na Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Mama alikuwa shambani, hajui kama nyumba yake inauzwa.

Tatu, akatupeleka kwa mwenyekiti wa kijiji. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Mwenyekiti peke yake hawezi kukupa ardhi hata akikugongea mhuri mara kumi. Pale tukaambiwa kuna ndugu wawili wa muuzaji wako Songea, na shauri la mirathi halijaisha.

Sikununua. Mzee naye hakupata kamisheni yake siku ile, nikamlipa nauli na hela ya chakula tu. Nilipomuuliza kwa nini ameharibu biashara yake mwenyewe, akasema: "Mwanangu, mimi naishi hapa. Ukidhulumiwa, mlango utakaougonga ni wangu."

Hapo ndipo nilipoelewa. Huyu mzee hauzi taarifa. ANAUZA DHAMANA. Anaweka jina lake katikati ya watu wawili wasiojuana. Jamaa wa fremu alikuwa na taarifa zote na picha nzuri, ila hakuwa na mlango wa kugonga.

"LAKINI TEKNOLOJIA INAKUA, DADA"

Najua mtaniambia hivyo, na ni kweli. Wizara ya Ardhi ina mfumo wa e-Ardhi, na kiwanja kilichopimwa chenye hati unaweza kukihakiki kwenye ofisi ya ardhi. Kila mfumo unavyoenea, mahali pa tapeli kujificha panapungua. Naunga mkono kabisa. Lakini ardhi nyingi ya vijijini kwetu haijapimwa kiwanja kwa kiwanja. Mpaka wake ni mwembe, kijito, na kumbukumbu za majirani. Kompyuta haiwezi kukupa kitu ambacho hakijaingizwa ndani yake.

Na hata wenzetu ambao nyumba zao zote ziko kwenye kompyuta, mambo hayakwenda kama watu walivyotabiri. Marekani, tovuti ya Zillow ilianza 2006, ikampa kila mtu makadirio ya bei ya nyumba bure. Watu wengi wakasema madalali wamekwisha. Zillow ikaenda mbali zaidi, ikaanza kununua nyumba yenyewe kwa kutumia makadirio ya kompyuta. Novemba 2021 ikatangaza kufunga kazi hiyo kwa hasara. Mpaka leo Marekani ina mawakala wa nyumba zaidi ya milioni 1.

Kilichotikisika kule ni kamisheni isiyojadiliwa. Baada ya kesi kubwa mahakamani, tangu Agosti 2024 wakala wengi wanatakiwa kusaini makubaliano na mnunuzi kabla ya kumtembeza kwenye nyumba, malipo yakiwa yameandikwa. Kwa hiyo dalali kabaki, ila amelazimika kusema wazi analipwa nini.

Turudi nyumbani. Watu wa Mbinga mnaijua biashara ya magoma: mkulima anauza kahawa yake ikiwa bado shambani, kwa bei ya kutupa, kwa sababu ana shida ya hela sasa hivi. Siku hizi bei ya kahawa mkulima anaweza kuipata kwenye simu. Mbona magoma hayajafutika? Kwa sababu shida ya yule mkulima haikuwa kujua bei. Shida ilikuwa ada ya mtoto Januari, wakati kahawa inavunwa katikati ya mwaka. Mnunuzi wa magoma anamnyonya, lakini analeta hela siku ambayo hakuna mwingine anayeleta. Simu ikileta bei bila kuleta hela, yule mtu wa kati anabaki, awe mwema au mbaya.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mtu wa kati atakufa, usiangalie simu ina nini. Angalia ANAFANYA KAZI GANI ambayo simu haifanyi.

SASA TUJE KWANGU NA KWAKO

Nilijiuliza swali hilo mwenyewe kuhusu yule mteja wa Dar es Salaam. Mimi nilikuwa namfanyia kazi gani?

Jibu liliniuma zaidi ya ujumbe wake. Nilikuwa napiga picha, nachukua mzigo kama ulivyo, naweka cha juu, napeleka stendi. Mchanga ukiwemo, namwambia "ndivyo usipa walivyo". Masika wakija na unyevu, namwambia "hali ya hewa". Namba ya yule mama wa vichanja nilikuwa nimeificha miaka miwili. Nilikuwa DALALI WA KWANZA, ila nilijiita mfanyabiashara.

Wengi wetu humu ndivyo tulivyo, tusidanganyane. Tunachukua picha za duka la mtu Kariakoo, tunaweka bei yetu, mteja akiagiza ndiyo tunakimbia kununua. Sio dhambi. Lakini kama faida yako yote inatokana na mteja kutojua unapochukulia, ujue siku zake zinahesabika. Siku moja mteja ataipata namba.

Nilimjibu yule mteja: "Sawa kaka, yule mama ni mwaminifu. Ila masika mwambie akutumie video ya mzigo kabla hujalipa." Hajarudi, na huenda asirudi. Ila kwa waliobaki nimebadilisha mambo. Nachekecha mchanga kabla ya kupima. Kwenye mfuko naandika walianikwa wapi na siku gani. Mzigo ukifika umeharibika, narudisha hela, na hilo nimeliandika juu kabisa ya ukurasa wangu. Na mteja akiniuliza nanunua wapi, namwambia. Mwezi huu faida imepungua, siwafichi. Lakini silali tena nikiogopa namba ya mtu.

YA KUCHUKUA LEO

1. Ukitafuta fremu, chumba au stoo: usitume hela ya kushikilia mahali ambapo hujafika. Ukiwa mbali, tuma ndugu au rafiki akaongee na mwenye jengo na majirani.

2. Dalali mpime kwa maswali mawili. Je, atakukutanisha na mwenye mali kabla hujatoa hela? Na mambo yakiharibika, utampata wapi?

3. Kamisheni mkubaliane mapema, kwa maandishi hata kama ni ujumbe wa simu, na ilipwe mkataba ukishasainiwa. Dalali mzuri mlipe vizuri. Kodi ya mwezi mmoja kwa mtu aliyekuokoa na kesi ni rahisi.

4. Kiwanja cha ziwani: uliza mita 60, uliza mume au mke, uliza ndugu, kisha nenda serikali ya kijiji au mtaa, na ofisi ya ardhi ya halmashauri. Vyote hivyo havionekani kwenye video.

5. Biashara yako ya mtandaoni: andika kwenye karatasi nini kitabaki siku mteja akiijua namba ya unapochukulia mzigo. Kama karatasi ni tupu, anza leo. Kuchambua, kupima kwa haki, kufunga vizuri, kurudisha hela, kukaa mahali unapojulikana: hivyo ndivyo vya kujaza hapo.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi naongeza kwamba hata mteja bila dhamana hupotea bila habari.

Wewe je, ni dalali wa kwanza au wa pili? Niandikie hapo chini, usione aibu, mimi nimeshasema yangu. Na kama una mwenzako anatafuta fremu mtandaoni wiki hii, mtumie hii kabla hajatuma hela ya kushikilia.