Nani kasema kinanda kina tyuni moja tu?

Haya wapendwa, hasa nyie wa kwaya mnaonicheka eti najifunza kutyuni vinanda vya kizamani vya Wazungu, leo nawajibu.

Mnaamini tyuni sahihi ni moja, ile ya piano za leo. Mimi nabisha. Anza na do, panda do-so, do-so mara 12, kila moja safi kabisa. Ungetegemea kutua kwenye do tena, oktava 7 juu. Hutui! Unapitiliza kwa karibu robo ya nusu toni. Ziada hiyo haifutiki, kila mtyunishaji anaamua tu aifiche wapi. Piano za leo zinaigawa sawasawa kwenye do-so zote 12. Haki tupu, ila kila do-mi inabaki juu ya ile safi kwa kama asilimia 14 ya nusu toni. Masikio yamezoea tu.

Mwaka 1523 Mtaliano Pietro Aaron alieleza njia nyingine: bana do-so kidogo, do-mi iwe safi. Ukiifuata unapata do-mi 8 tamu kama asali, na do-so moja inayolia vibaya mpaka wakaiita mbwa mwitu. Mjerumani Werckmeister, 1691, akatoa mpango wa kubana do-so 4 tu, na kii zote zikapigika, kila moja na ladha yake. Hata Bach, kwenye kazi yake ya 1722, aliandika kinanda "kilichotyuniwa vizuri". Hakuandika "sawasawa". (Mwaka 2005 Bradley Lehman alidai michirizi ya kwenye ukurasa wa jina ndiyo maelekezo ya kutyuni. Wengi walimpinga. Mimi naona michirizi ni michirizi.)

Na jifunzeni kwa sikio, jamani, simu baadaye. Ukitazama sindano ya programu unapata kinanda kilichotyuniwa, sikio linabaki lile lile. Piga noti mbili pamoja, sikiliza wimbi: wawa-wawa-wawa. Kaza mpaka linyamaze, halafu legeza kidogo lirudi polepole, ulihesabu kwa saa. Hapo sisi manesi tuna faida, kuhesabu mapigo ndiyo kazi yetu!

Kaka mpiga kinanda, baadhi ya vinanda vya umeme vina Werckmeister kwenye menyu. Kitafute. Piga do-mi-so kwenye kii ya C, kisha kwenye F shapu. Ya kwanza itatulia, ya pili itakuwa na ukali. Halafu uniandikie ni ipi utaimbia Krismasi.