Sindano ya Jino: Ushujaa si Kunyamaza

Masoro, katika Wilaya ya Gasabo jijini Kigali, inajulikana zaidi kwa viwanda vyake. Lakini mwaka 2019 ilifunguliwa hapo shule ya tiba ya Chuo Kikuu cha Waadventista cha Afrika ya Kati. Madaktari wa meno nao wanasomeshwa humu humu nchini, katika Chuo Kikuu cha Rwanda. Hiyo ni hatua kubwa. Swali linalobaki ni hili: mgonjwa atakwenda kwa daktari kwa wakati?

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa. Wengi huchelewa kutibiwa kwa sababu ya hofu, na askari si mbali na hofu hiyo. Yule asiyetishwa na risasi huiogopa sindano ya fizi, akaona haya kusema, akavumilia mpaka taya likavimba.

Hapo ndipo mkosi unapoanza. Penye usaha, tindikali ya uvimbe huidhoofisha dawa ya ganzi. Aliyechelewa huumia kweli, kisha hurudi kambini na kuwasimulia wenzake, nao wakaogopa zaidi. Basi maumivu huzaa hofu, hofu huzaa kuchelewa, na kuchelewa huzaa maumivu mapya. Wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua.

Mnyororo huo unakatika. Tangu Nils Löfgren wa Sweden alipoitengeneza lignokaini mwaka 1943, hakuna sababu ya mtu kushikwa mikono na miguu ili ang'olewe gego. Daktari mwema huikausha fizi, huipaka dawa ya ganzi na kungoja dakika moja au mbili. Kisha huisukuma sindano polepole, kwa dakika nzima au zaidi, maana dawa inayosukumwa kwa haraka huuma kuliko ncha yenyewe. Hang'oi kabla ya kujaribu kama ganzi imeshika.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Aseme kama ana ugonjwa wa moyo au shinikizo la damu, anatumia dawa gani, na kama amewahi kuzirai. Avute pumzi taratibu. Wakubaliane na daktari kwamba akiinua mkono, kazi isimame. Baadaye asile mpaka ganzi iishe, asije akajiuma mdomo.

Wakuu wa vikosi wasilichukulie jambo hili kuwa dogo. Wanajeshi na polisi wa Rwanda wamelinda amani Sudan ya Kusini na Jamhuri ya Afrika ya Kati, na huko jino bovu humtoa mtu kazini sawa na homa. Ruhusa ya kwenda kwa daktari itolewe jino linapoanza kuuma, wala lisingojewe kuvimba. Na askari aelewe kwamba kusema "naumia" mbele ya daktari si woga, bali ni taarifa ya kweli, na kutoa taarifa ya kweli ni sehemu ya nidhamu.