Stima Imelala Chini ya Kiti

Jioni hii, mahali fulani Kayole, kuna mwanaboda ambaye ameegesha pikipiki yake ya umeme ndani ya nyumba ili isiibwe. Betri ina chaji zaidi ya nusu. Stima ya ploti imepotea tangu saa moja. Kwa hivyo yeye, mkewe na watoto wawili wamekaa gizani, wamewasha mshumaa na kuusimamisha juu ya kifuniko cha sufuria, huku stima imelala chini ya kiti cha pikipiki, hatua mbili kutoka mezani.

Huyo si mtu wa kubuni. Ni jirani yangu wa zamani, na hadithi yake inanikera kila nikisikia mtu akisema kwamba magari ya umeme yanakuja kutukomboa. Yatukomboe vipi, kama betri unayolipia kila siku hairuhusiwi kuwasha balbu yako?

Tufanye hesabu kwanza, maana watu wengi wanadhani ninaongelea mambo ya Ulaya. Betri moja ya boda ya umeme hubeba yuniti kama mbili hivi, zile zile yuniti unazonunua kwa tokeni. Sasa hesabu giza la kuanzia saa moja hadi saa sita usiku. Balbu tatu za wati 10 kwa masaa matano: yuniti 0.15. Ruta ya waifai: 0.05. Simu mbili: 0.03. Runinga ya wati 50 kwa masaa matatu: 0.15. Jumla ni yuniti 0.38. Ongeza kinachopotea kwenye inveta, bado hujafika robo ya betri. Asubuhi jamaa anatoka na pikipiki yake kama kawaida, na mtoto amemaliza homuweki.

Hiyo ni boda. Gari ndilo balaa. Nissan Leaf za kwanza kabisa, zile za 2010, zilikuja na betri ya yuniti 24. Sema imezeeka, imebaki na 15. Nyumba yenye friji, taa, runinga, ruta na kompyuta ya kufanyia kazi hutumia yuniti mbili au tatu kwa siku, bora usiguse hita ya bafu. Ukitoa yuniti tisa na kubakisha sita za kukufikisha kazini, umepata siku tatu bila KPLC. Gari kuukuu, siku tatu.

Na usiniambie teknolojia haijafika. Japani ilipopigwa na tetemeko na tsunami Machi 11, 2011, umeme ulikatika maeneo makubwa, na watu wakajiuliza swali la kawaida sana: mbona gari limejaa stima na nyumba haina? Mwaka uliofuata, Nissan ilianza kuuza huko kifaa cha kuunganisha Leaf na nyumba. Unachaji gari usiku, gari linalisha nyumba mchana au stima ikipotea. Mwaka 2019 kimbunga Faxai kilipoiacha Chiba gizani, magari ya umeme yalipelekwa huko kuwasha feni, kuchaji simu na kuendesha friji za watu waliokwama.

Sasa fikiria. Sisi ndio wateja wa mitumba ya Japani. Leaf zinashuka Mombasa zikiwa na soketi ile ile ya chaji ya kasi, iliyotengenezwa kuingiza na kutoa umeme. Gari limevuka bahari, lakini kile kifaa cha kuiunganisha na nyumba hakiji nalo. Ni kama kununua jiko na kuambiwa moto ni wa watu wa Tokyo. Na magari mapya mengine hayahitaji hata kifaa kikubwa: Hyundai Ioniq 5 inatoa hadi kilowati 3.6 kupitia soketi ya kawaida. Hiyo inapiga pasi.

Wakenya tunahitaji hii kitu kuliko Wajapani. Agosti 25, 2023, Ijumaa usiku, karibu nchi nzima ilizimika. Uwanja wa JKIA ukaingia giza, jenereta zikakataa, na waziri akaomba radhi. Novemba nchi ikazimika tena. Disemba, tena. Mara tatu ndani ya miezi minne. Na hizo ni zile zilizofika kwenye habari. Zile za mtaani, za transfoma iliyolipuka na gari la mafundi linalokuja kesho, hizo hakuna anayezihesabu isipokuwa mama mboga aliyetupa maziwa na kinyozi aliyeacha kichwa cha mteja nusu.

Jibu letu limekuwa jenereta. Mwenye duka ananunua jenereta, anaiweka kwenye korido ya jengo, inanguruma na kutoa moshi ambao ukiingia nyumba iliyofungwa madirisha unaua watu usingizini. Tunanunua petroli iliyotoka ng'ambo ili tuwashe taa katika nchi ambayo umeme wake mwingi unatoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana. Kisha usiku wa manane, watu wakilala na matumizi yakishuka, sehemu ya mvuke wa Olkaria huachwa upotelee hewani. Tuna stima ya kumwaga saa nane usiku na hatuna saa mbili usiku. Kinachokosekana ni mtungi. Na mitungi ndiyo hii inayozunguka Nairobi kwa magurudumu mawili na manne.

Basi ni nani amekaa juu ya kifuniko cha mtungi?

Wa kwanza ni kampuni za betri. Biashara ya boda za umeme hapa kwetu, kwa sehemu kubwa, imejengwa hivi: unanunua pikipiki, betri unakodisha. Ikiisha unaenda kituoni, unabadilishiwa, unalipa. Sina neno na mpango huo. Betri ni ghali na mwanaboda hana laki za kufungia kwenye kitu kimoja. Lakini jirani yangu alipouliza kama anaweza kuchomeka inveta ndogo, alijibiwa: "Boss, betri si yako. Ukiiguza, tunaizima." Na wanaweza. Betri hizi zina akili: kampuni inajua iko wapi, imebaki asilimia ngapi, na inaweza kuifunga ikiwa mbali.

Sasa hapo ndipo ninapokataa. Betri ni yako, sawa. Lakini ile stima iliyo ndani nimeilipia. Nikinunua gesi, mtungi unabaki wa kampuni, ila hakuna anayekuja kuniambia nipike ugali pekee, chapati ni marufuku. Kama kuitumia nyumbani kunachakaza betri zaidi, weka bei. Kama unajua asilimia ngapi imebaki saa saba usiku, basi hushindwi kuhesabu robo yuniti iliyowasha balbu. Mitambo ya kuhesabu unayo. Unachokosa ni nia.

Wa pili ni wenye nyumba. Ninaishi kwenye fleti ya ghorofa sita, na kwenye maegesho kuna kibao kipya: hakuna kuchaji gari wala pikipiki. Sababu? Mita ya korido ni moja na mwenye nyumba anaogopa bili. Hofu yake naielewa. Lakini mita ndogo ya kuhesabu soketi moja si muujiza, tunazo kwenye kila mlango wa ploti hii. Mwaka 2023 Kenya iliweka bei maalum ya umeme wa magari: shilingi 16 kwa yuniti, na shilingi 8 saa za usiku wa manane, kabla ya kodi na tozo. Nani anaifaidi? Mwenye kituo cha chaji na mwenye kampuni ya mabasi. Wewe mpangaji wa ghorofa ya nne, ile shilingi 8 unaisoma tu kwenye habari.

Nasikia mtu akisema: huyu anatetea matajiri wenye magari. Hapana. Tajiri ameshajiokoa, ana sola juu ya paa na betri ukutani. Anayebaki gizani ni mwenye boda, mwenye tuktuk, dereva wa teksi ya umeme. Hao ndio wamebeba mitungi ya taifa hili migongoni, na hao ndio wanaokatazwa kunywa.

Mwingine atasema betri itakufa haraka. Kila betri huzeeka kwa kutumika, hilo ni kweli. Lakini kinachoichosha sana ni kukamuliwa hadi sifuri, joto kali na chaji ya kasi kila siku. Balbu tatu na ruta ni mzigo mdogo sana ukilinganisha na kupandisha pikipiki yenye abiria wawili na gunia la viazi mlima wa Limuru Road.

Pingamizi moja nalikubali kabisa, na ni la usalama. Ukichomeka gari kwenye waya za nyumba kienyeji, umeme unaweza kurudi nje kwenye nguzo na kumuua fundi anayerekebisha laini akidhani imezima. Kwa hivyo ni lazima kuwe na swichi inayokata nyumba kutoka kwa laini ya nje kabla ya betri kuanza kulisha. Hii si sayansi ngeni. Kila jengo lenye jenereta lililofungwa vizuri inayo. Lakini jueni hivi: mkizuia njia halali, watu hawataacha. Watamtafuta fundi wa mtaa, atafungua betri na bisibisi, ataunganisha waya mbili na utepe mweusi, na tutasoma habari ya moto. Marufuku bila njia mbadala ni mwaliko wa ajali.

Kwa hivyo haya ndiyo ninayodai, na nayadai bila kuomba radhi. EPRA na shirika la viwango, KEBS, waandike viwango vya betri ya gari au pikipiki kulisha nyumba: swichi gani, soketi gani, fundi mwenye leseni gani. Mkataba wowote wa kukodisha betri uwe na bei ya matumizi ya nyumbani, na kampuni isiweze kuzima betri ya mtu kwa sababu aliwashia mtoto taa. Mpangaji apewe haki ya soketi yenye mita yake kwenye maegesho, kwa bei ile ile ya usiku anayopewa mwenye mabasi. Na kile kifaa cha Wajapani kiagizwe na kuuzwa hapa kwa bei ambayo haijaliwa na ushuru.

Wahenga walisema kuku wako mwenyewe, manati ya nini? Hivi sasa tunalipia kuku, tunamlisha, tunalala naye chumba kimoja, halafu tunaambiwa tumwinde, na manati yenyewe ni ya kukodi. Wewe mwenye boda, ukienda kubadilisha betri kesho, waulize swali moja tu: hii stima niliyolipia ni ya nani? Uliza mbele ya foleni, kila mtu asikie. Kisha waache wajibu.