Herufi moja yapoteza barua

Mwaka jana mwanafunzi wangu alikosa nafasi ya chuo. Aliyemjazia fomu aliacha herufi moja katika anwani yake ya barua pepe, na mwaliko haukumfikia kamwe.

Walimu wenzangu, lawama hii naibeba pia. Tangu Ray Tomlinson wa Marekani alipoichagua alama ya @ mwaka 1971, kushoto mwake hukaa jina la mwenyewe, kulia jina la kituo kinachompokelea barua na kumhifadhia mpaka azifungue. Tarishi wa kijijini hukisia mwenye barua. Kompyuta haikisii, hufuata herufi ilizopewa.

Insha ya barua rasmi twaifundisha kila muhula. Anwani hii nayo tuifundishe, mwanafunzi aiandike kwa mkono wake mwenyewe.